Dakika Saba za Saa Kumi

Jina la Komeo hakupewa na mama yake. Alipewa na Sajini, bosi wake, siku ya tatu kazini, baada ya kumwona anarudi mara ya nne kuhakikisha mlango alioufunga mwenyewe. "Wewe si mlinzi," Sajini akamwambia, "wewe ni komeo." Wenzake wakacheka, jina likaganda. Mwenyewe hakukasirika. Alishaitwa majina mabaya zaidi na mwanamume ambaye yeye ndiye alikuwa akimpikia na kumfulia, na huyo mwanamume nikishamtaja hapa simtaji tena, maana nafasi ni ya watu wa maana.

Wakati huo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa. Alikuwa na mabega mapana, sauti ya chini, na jozi moja ya viatu vya ngozi visivyo na kisigino, ambavyo alivipiga rangi kila Jumapili. Miaka sita alisimama mlangoni mwa duka la vitambaa akikagua mikoba ya watu. Miaka mitano iliyofuata alikuwa kwenye kampuni ya Sajini, inayolinda watu badala ya vitambaa. Ukitaja kazi hiyo, watu hufikiria miwani ya jua na magari yanayofukuzana. Kazi yenyewe ni kusimama. Ni kusimama, kutazama, na kubana mkojo mpaka mwenzako aje kukupokea.

Mama yake, aliyekaa naye katika vyumba viwili, hakuipenda kazi hiyo hata siku moja.

"Unalinda mama za wenzio," alikuwa akimwambia. "Wewe nani atakulinda?"

"Si wewe, mama."

"Mimi? Na haya magoti?"

Mwaka ninaousimulia, walipewa kumlinda Mhandisi. Alikuwa mama wa miaka sitini na mitatu, mwembamba, mwenye saa kubwa ya kiume mkononi na tabia ya kupima kila kitu. Aliwahi kuandika barua tatu kuonya kwamba nguzo za ghorofa fulani zilikuwa nyembamba mno. Barua zikawekwa chini ya barua nyingine. Ghorofa likaanguka mchana kweupe, watu wakiwa ndani. Sasa kesi ilikuwa mahakamani, na shahidi wa kueleza barua hizo ziliandikwa lini na nani alizipokea alikuwa yeye peke yake. Wiki mbili baada ya jina lake kuingizwa kwenye orodha ya mashahidi, breki za gari lake zilikutwa zimekatwa. Ndipo akahamishiwa nyumba ya kupanga yenye ukuta na geti, akae humo siku ishirini mpaka siku ya kutoa ushahidi. Akifa kabla ya hapo, barua zake zingebaki karatasi tu.

Zamu ya mchana ilikuwa ya Komeo na mwanamume mmoja waliyemwita Taratibu. Huyu alikuwa na miaka arobaini na minne, alifiwa na mke, hakuwa na mtoto. Jina lake lilitokana na uendeshaji wake. Siku moja alimpeleka mteja uwanja wa ndege kwa mwendo wa bibi harusi, mteja akalia, ndege ikaondoka, na yeye akasema, "Lakini umefika mzima." Sajini hakumfukuza. Alimwona kuwa mtu wa ukweli, na watu wa ukweli katika kazi ile walikuwa adimu kuliko madereva wa mbio.

Nyumba ilikuwa na malindo mawili. Lindo la baraza lilitazama geti na barabara. Lindo la jikoni lilitazama mlango wa nyuma, tangi la maji na ukuta wa jirani. Juu ya ukuta huo ungeona paa la jirani, na juu ya paa fundi wa bati mwenye kofia ya kitambaa, akigonga. Taratibu alishakwenda kumuuliza jirani, na jirani akasema ndiyo, fundi ni wangu, paa linavuja. Wakamwandika kwenye daftari la matukio: fundi, anajulikana. Kosa la kwanza lilikuwa hapo, maana mtu akishaandikwa kuwa anajulikana, hakuna anayemtazama tena.

Kati ya malindo hayo kulikuwa na korido isiyo na dirisha, ya hatua kumi na moja. Hatua alizihesabu Mhandisi, si mimi. Kila baada ya saa mbili walinzi walibadilishana, kwa sababu jicho linalotazama kitu kilekile kwa muda mrefu huacha kukiona. Kanuni ya Sajini ilikuwa moja: mnapishana koridoni bila kusimama. Mmoja anauliza, "Salama?" Mwingine anajibu, "Salama," na miguu inaendelea. Mkisimama, nyumba haina mtu.

Siku nne walipishana vizuri kabisa. Siku ya tano Taratibu alitoka jikoni na chungwa alilolimenya, akamkabidhi nusu badala ya neno.

"Salama?" Komeo akauliza.

"Tamu," akajibu yeye.

Ilikuwa sekunde kumi tu. Kesho yake ikawa dakika nzima. Siku ya nane Taratibu alimsimulia jinsi mke wake alivyougua, na Komeo hakuweza kumwacha mtu katikati ya habari kama hiyo akaenda kutazama tangi. Siku ya kumi yeye naye akasimulia yake. Zamu nyingine zote walizipita kwa haraka. Ya saa kumi ya jioni ndiyo waliyoirefusha, kwa sababu Sajini alikuwa na kawaida ya kupiga simu ya ukaguzi saa tisa na nusu, na baada ya hapo hakupiga tena. Ikawa dakika nne, ikawa dakika saba. Hawakushikana hata mkono. Walisimama tu wakiegemea ukuta, kila mmoja na nusu chungwa lake, wakiongea kwa kunong'ona. Komeo, mwanamke wa kurudia mlango mara nne, alikuwa sasa anatazama saa tangu saa nane. Alijua anafanya nini. Alijiambia mlango wa jikoni una komeo la chuma na dirisha lake lina nondo, na kwamba dakika saba si kitu. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, lakini mwenye kikohozi ndiye wa mwisho kukisikia.

Siku ya kumi na tatu, saa kumi, Mhandisi alifungua redio yake chumbani kama kawaida. Ilikuwa redio ya betri, kubwa, na alipenda kuipandisha sauti. Komeo alitoka barazani, Taratibu akatoka jikoni, wakakutana. Walikuwa wanabishana kama mtu anaweza kulala usingizi wa kweli akiwa amesimama, redio ikafifia, ikakoroma, ikazimika. Betri zilikuwa zimekwisha. Ukimya uliwashtua wote wawili wakaachana, na Komeo akaingia jikoni.

Alisimama mlangoni. Wavu wa dirisha ulikuwa umekatwa pande tatu na kukunjwa juu vizuri, kazi ya mtu asiye na papara. Nondo zilikuwa nzima, lakini mkono ungepita kati yake mpaka mlangoni. Na komeo la mlango, ambalo yeye hulisukuma mpaka mwisho na kulilaza kichwa chini, lilikuwa limevutwa nusu.

Hakupiga kelele. Alilisukuma komeo mpaka mwisho, akakilaza kichwa, akamwita Taratibu kwa jina lake halisi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Walikagua tangi, uani, chini ya vitanda. Walimkuta Mhandisi chumbani kwake akihangaika na betri. Kisha Komeo akapiga simu.

"Mkono umeingia jikoni," alisema. "Mtu hakuingia."

"Mteja?"

"Mzima, afande."

"Saa ngapi?"

Komeo akageuka kuitazama korido.

"Andikeni kwenye daftari," Sajini akasema. "Nakuja, nusu saa."

Walibaki jikoni wakilitazama daftari juu ya meza. Uso wa Taratibu ulikuwa umepauka.

"Tuandike wavu umekatwa," akasema. "Inatosha. Sajini ataweka wavu mpya, ataongeza mtu getini."

"Umekatwa saa ngapi?"

"Mchana."

"Mchana ni mrefu, bwana wewe."

"Komeo, sikiliza. Tukiandika saa, atauliza tulikuwa wapi. Mtu aliyeacha lindo anafukuzwa. Na hata asipotufukuza, kanuni unaijua, wanaopendana hawalindi pamoja. Leo ndiyo mwisho wetu."

Neno "wanaopendana" alilitumia bila kujua kuwa amelitumia. Komeo alilisikia, akaliweka moyoni. Alikuwa anafikiria jambo lingine: kwa nini mtu aliyefika mpaka kwenye komeo aliliacha nusu?

Ndipo Mhandisi akaingia, redio kwapani, akauona wavu. Aliusogelea, akaupima mkato kwa vidole, akakaa kitini polepole.

"Wanangu," akasema, "redio nilikuwa napandisha mimi kwa ajili yenu."

"Kwa ajili yetu vipi, mama?" Komeo akauliza.

"Nyumba hii ina kuta nyembamba. Nawasikia tangu siku ya chungwa. Nikaona watu wazima wanapendana kwa kunong'ona kama wezi, nikasema niwape faragha. Juzi mlikaa dakika sita. Jana saba." Akaionyesha saa yake. "Mimi ndani ya jela hii sina starehe nyingine. Nilikuwa nawafuatilia kama mchezo wa redioni."

Hapo Komeo akaelewa yote kwa mara moja. Redio ikipanda, jikoni hakuna mtu. Mtu wa nje hakuhitaji kuona chochote. Alihitaji masikio tu na siku chache za kusikiliza. Na leo redio ilipozimika, akajua walinzi wanarudi, akautoa mkono. Betri mbili zilizochoka ndizo zilizomwokoa mama huyu, si yeye Komeo wala viatu vyake vya kung'aa. Aligeuka kulitazama paa la jirani. Lilikuwa tupu. Kofia ya kitambaa ilining'inia kwenye ngazi.

"Huyo fundi yuko pale tangu lini?" akauliza.

"Siku tisa," Taratibu akasema.

"Paa la vyumba vitatu, siku tisa?"

"Bati moja," Mhandisi akasema. "Anagonga bati lilelile. Nilidhani ni mvivu. Mafundi wavivu nimewaona wengi."

Sasa jambo likawa wazi kama maji. Wakificha saa, Sajini angeweka wavu mpya na asingejua kuhusu redio wala paa. Fundi angebaki anajulikana. Angetafuta mlango mwingine, na siku nyingine betri zisingekwisha. Mficha uchi hazai, mama yake Komeo hupenda kusema, ingawa yeye hulitumia kwa wagonjwa wasiotaka kwenda hospitali. Komeo aliumia kwelikweli. Alikuwa amekaa miaka minane bila kumngojea mtu, na sasa aliyemngoja alikuwa amesimama mbele yake, na kalamu ilikuwa mezani.

"Ngoja nihakikishe geti kwanza," akasema. "Nikirudi naandika."

Alikwenda, akahakikisha mara mbili, akarudi. Taratibu alikuwa ameshaandika, kwa herufi zake kubwa za mtu asiye na haraka:

*Saa kumi kamili hadi saa kumi na dakika saba malindo yote mawili yalikuwa wazi. Imekuwa hivyo siku kadhaa. Redio ya mteja ikipanda, mtu wa nje anajua jikoni hakuna mlinzi. Namshuku fundi wa paa. Mimi ndiye niliyemchelewesha mwenzangu koridoni kwa mazungumzo yangu binafsi. Yeye alitaka kwenda. Kosa ni langu peke yangu.*

"Nilitaka kwenda lini?" Komeo akauliza.

"Acha hivyo. Una mama nyumbani."

"Nakuuliza, nilitaka kwenda lini?"

Alichukua kalamu, akapiga mstari juu ya maneno ya mwisho, akaandika chini yake: *Hakuna aliyemchelewesha mwenzake. Tulikaa kwa sababu tunapendana. Kosa ni letu sote wawili.* Akatia sahihi, akamsogezea daftari naye atie yake. Taratibu alisoma mara mbili, akatia sahihi. Watu wengine huambiana jambo hilo bustanini. Hawa waliambiana kwenye daftari la matukio, ukurasa wa arobaini na moja.

Sajini alifika, akasoma akiwa amesimama, miwani kwenye ncha ya pua.

"Hii ni taarifa au ni posa?"

"Posa bado sijaisikia, afande," Komeo akasema.

Sajini hakucheka. "Nyie ni wajinga wawili," akasema, "na huyu mama mwenye redio ni wa tatu. Lakini mmeandika saa. Kwa saa hiyo tutamkamata mtu. Mengine baadaye."

Mpango wake ulikuwa mfupi. Adhuhuri ya kesho yake Mhandisi aliondolewa akiwa amelala chini ya viti vya nyuma vya gari, blanketi juu yake, akilalamika kwamba gari halina springi nzuri. Askari polisi wawili waliingia na gari hilohilo lilipokuwa likirudi, wakajificha stoo kando ya jikoni. Sajini akakaa chumbani na redio, betri mpya. Wavu uliachwa vilevile, kana kwamba hakuna aliyeuona. Na Komeo na Taratibu waliambiwa wafanye kama kila siku, kwa sababu kutoka paani fundi aliona baraza vizuri. Wasipoondoka, asingekuja. Yaani walipewa kwa amri ile korido waliyokuwa wakiiba.

Saa kumi redio ikapanda. Walikutana katikati, hatua ya tano na nusu. Taratibu alitoa chungwa mfukoni kwa mazoea.

"Usimenye," Komeo akanong'ona. "Mikono iwe huru."

Akalirudisha. Walisimama bega kwa bega wakitazama upande wa jikoni. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili. Jasho lilimtoka Komeo viganjani, na moyo ulimwenda mbio, na hakujua mbio zipi ni za fundi na zipi ni za mtu aliyekuwa pembeni yake.

"Mama yako anakaa wapi?" Taratibu akauliza.

"Wa nini saa hizi?"

"Kuanzia kesho hatutaonana kazini. Nisije nikatafuta mtaa mzima."

"Nyuma ya kinu cha nafaka. Mlango wa kijani."

"Nitakuja."

"Kwa mwendo wako huo?"

"Nitafika mzima."

Dakika ya nne komeo la jikoni likalia, chuma juu ya chuma, polepole. Mlango ukafunguka. Mtu aliingia kwa hatua laini, kofia ya kitambaa kichwani, nyundo ya bati mkononi, akaingia moja kwa moja koridoni kuelekea kwenye sauti ya redio. Aliwakuta hao. Nyuma yake askari wakatoka stoo wakipiga kelele, naye kwa kuwa hakuwa na pa kurudi, akaja mbele.

Katika kazi ile kuna jambo moja mtu hufundishwa kabla ya mengine yote: tazama mkono wa adui, usimtazame mwenzako. Taratibu alilijua miaka kumi na miwili. Lakini nyundo ilipoinuka, aligeuza shingo kumtazama Komeo, kuona kama yuko salama. Ilikuwa mara moja tu, kupepesa jicho. Nyundo ikamfikia kwenye mkono, na mfupa ukalia. Komeo hakumtazama. Alitazama ile nyundo, akaudaka mkono uliokuwa nao, akaukunja, akamlaza fundi kifudifudi na goti mgongoni, akakaa juu yake mpaka askari walipomfunga pingu.

Ndipo alipogeuka, na hasira ikampanda kuliko aliyokuwa nayo kwa fundi.

"Ulikuwa unatazama nini wewe?"

"Wewe," Taratibu akasema, ameketi sakafuni, mkono kifuani.

Komeo alitaka kumpiga kofi, akajikuta analia. Miaka yote alidhani ile kanuni ya wanaopendana iliwekwa na watu wenye wivu. Sasa aliiona imeketi mbele yake imevunjika mkono.

Fundi alitaja waliomtuma, na wao wakatafutiwa kesi yao. Siku ya ishirini na moja Mhandisi alisimama kizimbani. Alisema kwa siku mbili, barua zote tatu zikasomwa kwa sauti, na wakili alipomuuliza kama ana uhakika nguzo zilikuwa nyembamba, alimwambia, "Usipoziba ufa utajenga ukuta, mwanangu, na mimi nilipima ufa." Komeo alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake, peke yake, akitazama mikono ya watu.

Sajini hakuwafukuza. "Mmoja abaki, mmoja aende," akasema. "Chagueni wenyewe, mimi si kadhi." Taratibu hakungoja mjadala. Mkono ulipopona alipata kazi ya kuendesha basi la shule, ambako hakuna anayelalamikia mwendo wake isipokuwa watoto. Alifika kwenye mlango wa kijani siku ya Jumapili, saa nne, na mama yake Komeo akamtazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Umekuja kumlinda mwanangu?"

"Hapana, mama. Nilijaribu, nikavunjika."

Mama alicheka mpaka magoti yakamuuma, akasogeza kiti.

Sasa wanaishi wote watatu katika nyumba yenye korido fupi. Komeo bado analinda watu. Yeye na Taratibu hawajasimama tena kwenye lindo moja. Jirani yao ana redio, na jioni hupenda kuipandisha sauti. Ikipanda tu, Komeo huacha lolote analosema, hata kama ni katikati ya ugomvi, akaenda jikoni kuhakikisha mlango. Taratibu hamuulizi kitu. Humenya chungwa kwa mkono wake uliopinda kidogo, akala nusu moja, na nusu ya pili akaiweka mezani mpaka atakaporudi.